Kiazi kinacholala na kiazi kisicholala: kisa cha bustani ya shangazi, Limuru

Agosti mwaka juzi shangazi alinipigia simu kwa sauti ya mtu aliyepunjwa sokoni. "Mwanangu, viazi vyangu vimeota ndevu." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Jumamosi nikapanda matatu hadi Limuru. Baada ya shikamoo na chai, alinipeleka moja kwa moja stoo, akalisogeza gunia la juu. Halikusogea. Chipukizi nyeupe zenye urefu wa kidole cha mwisho zilikuwa zimepenya nyuzi za gunia na kuingia kwenye gunia la chini yake, magunia mawili yameshonana kama mkeka. Viazi vyenyewe vilikuwa vimeanza kunywea, ngozi imelegea kama ya mkono uliokaa majini. Vilichimbwa mwisho wa Juni. Havikuwa vimemaliza hata miezi miwili.

"Yule kijana aliniuzia mbegu mbovu," akasema. "Niliomba Shangi, akanipa kitu kingine."

Nilivitazama: vyeupe, macho yenye rangi ya waridi, umbo la yai lililobonyea kidogo. Vilikuwa Shangi halisi, aina ileile aliyoiomba. Hakuna aliyemdanganya. Ndiyo sababu nimeamua kukiandika kisa hiki kirefu hivi, maana nimeulizwa mara nyingi "nipande kiazi gani?" na mara nyingi nimejibu haraka kuliko inavyofaa.

Bustani na sufuria

Shangazi ni muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa bara miaka mingi iliyopita. Nyumba yao iko Limuru, mita elfu mbili na zaidi juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo ukungu wa Julai huingia mpaka jikoni. Nyuma ya nyumba kuna kipande cha ardhi cha mita 12 kwa 10, kimeinama kidogo kuelekea bondeni. Ukipanda kwa nafasi ya kawaida, sentimita 75 kati ya matuta na 30 kati ya mbegu, hapo panaingia matuta 13 yenye mashimo 40 kila moja, yaani mbegu 520. Mbegu nzuri ina ukubwa wa yai la kuku, kama gramu 50, kwa hiyo kilo 26 zinatosha. Yeye alinunua gunia zima na kuyapanda mashimo mengine mbegu mbili mbili, "zisipotee bure". Hilo nililiacha lipite.

Alivuna magunia matatu na nusu ya kilo 50. Kwa kipande kama kile si haba. Nyumbani wako wawili, wajukuu huja wikendi, na kila Ijumaa hukaanga sinia la viazi karai ambalo nusu yake huishia kwa majirani. Tulipohesabu, wanakula kama kilo tisa kwa wiki. Kilo 175 kwa mwendo huo zingewafikisha Novemba.

Hesabu hiyo ndiyo kisa chenyewe. Mavuno yalikuwa ya wiki kumi na tisa, na kiazi kilikuwa cha wiki tano au sita.

Usingizi

Kiazi kikitoka ardhini hulala. Hata ukikipa joto na unyevu, macho yake hayafunguki mpaka muda fulani upite, na muda huo huamuliwa zaidi na aina. Joto huufupisha, baridi huurefusha. Shangi ya shangazi ingekuwa imehifadhiwa Nakuru mjini ingeota mapema zaidi. Lakini aina ndiyo yenye neno la mwisho, na Shangi ina usingizi mwepesi kuliko karibu kila aina nyingine inayolimwa Kenya. Mwezi mmoja, wakati mwingine haufiki, na macho yameshafunguka.

Watu hushangaa nikisema kwamba hiyo ndiyo sababu mojawapo ya Shangi kuitawala nchi. Haikutoka maabara. Ilisambaa mkono kwa mkono kati ya wakulima, ikajaa masokoni, na serikali ikaja kuiidhinisha rasmi mwaka 2015, wakati kila kibanda cha chipsi Nairobi kilikuwa kinaijua tayari. Mkulima wa Nyandarua huipenda kwa sababu hukomaa ndani ya miezi mitatu. Mpishi huipenda kwa sababu huiva upesi na kuni hazimaliziki. Na anayepanda misimu miwili huipenda kwa sababu mbegu aliyoivuna juzi iko macho msimu unapofika, bila kuifukia wala kuinyunyizia dawa ya kuiamsha. Mfanyabiashara naye habari ya ndevu haimhusu: gunia likifika Wakulima Market leo, baada ya siku chache limeshaliwa.

Sasa mchukue mtu ambaye haendi sokoni. Anavuna mara moja, anaweka stoo, anakula polepole. Kwake sifa ile ya tatu inageuka kuwa kasoro. Kiazi ni kilekile, bonde ni lilelile, tofauti ni kwamba mlaji anaishi hatua kumi kutoka shambani.

Shangazi alinisikiliza huku anamenya. Kisha akauliza swali la haki: "Mbona jirani huyu wa juu anapanda hiyohiyo na halalamiki?" Jirani huuza. Huita lori, anabaki na debe moja la kula. Hilo debe likiisha, ananunua.

Glasi ya maji

Kabla ya kuzungumzia aina nyingine niliomba kuliona shamba. Lilikuwa limevunwa, lakini upande wa bondeni maotea yalikuwa yamechomoza, vile viazi vinavyosahaulika ardhini na kujiotea vyenyewe. Mashina mawili yalikuwa yamelegea, majani bado ya kijani, kana kwamba yamekosa maji, na udongo ulikuwa umelowa.

"Hata Mei yalikuwa hivi huku chini," akasema shangazi. "Nikamwagilia."

Nilikata shina moja karibu na udongo, nikaomba glasi ya maji safi, nikalining'iniza lile shina ndani bila kulitikisa. Tukasimama tunatazama. Haikupita muda, nyuzi nyeupe kama za maziwa zikaanza kushuka kutoka kwenye mkato, nyembamba, zimenyooka, mpaka chini ya glasi. Shangazi amewahudumia wagonjwa miaka zaidi ya thelathini. Hakuhitaji kuambiwa kwamba kinachotiririka vile ni viini. Ulikuwa mnyauko wa bakteria. Akakumbuka pia kwamba wakati wa kuvuna, viazi vya huku chini udongo uling'ang'ania machoni na haukutoka hata kwa kusuguliwa. Hiyo nayo ni dalili yake.

Mnyauko hauna dawa ya kunyunyizia. Hukaa ardhini, husafiri na maji yanayoteremka, na jembe, na viatu, na zaidi ya yote na mbegu yenyewe, kwa sababu kiazi kinaweza kuonekana kizima kabisa huku kimeubeba. Hupenda jamii yote ya kiazi: nyanya, biringanya, pilipili. Na kipande kile, kabla ya viazi, kilikuwa na nyanya miaka miwili mfululizo.

Sijui kama ulikuja na mbegu ya sokoni au ulikuwapo tangu nyanya, na kwa uamuzi uliokuwa mbele yetu haikuleta tofauti. Kipande cha nyuma kilitoka kwenye hesabu ya viazi. Kikapewa mahindi, vitunguu na maharagwe, na maotea yote yang'olewe. Na yale magunia yaliyoota, ambayo shangazi alishaanza kuyaona kama mbegu ya bure ("si yameshachipua, mwanangu, tunangoja nini?"), hayakupandwa popote. Vilivyokuwa vigumu tulivikata chipukizi na vikaliwa. Vilivyokuwa na kijani tulivitupa, na hapo tulibishana, maana kwake yeye kutupa chakula ni dhambi. Lakini kijani na ule uchungu wake ni sumu, na kuchemsha hakuiondoi.

Kwa hiyo swali la "aina gani" lilikuwa limesubiri nje ya mlango muda wote huo. Hakuna aina ambayo ningethubutu kuiweka kwenye udongo ule.

Mzee na nyasi zake

Palibaki uwanja wa mbele, mita 10 kwa 8, wenye nyasi ambazo mzee wa nyumba hukaa juu yake jioni na redio yake. Haukuwahi kuonja kiazi wala nyanya. Mazungumzo ya kumtoa pale yalichukua wiki mbili na sikuhusishwa. Nilipigiwa tu simu kuambiwa kwamba amekubali kubakiwa na kona moja chini ya mparachichi.

Mita 10 kwa 8 ni matuta kumi ya mashimo 33. Kilo 17 za mbegu. Jembe uma likaoshwa, likapitishwa kwenye maji ya jiki, na viatu vya nyuma vikakatazwa kuja mbele.

Zilizokataliwa na iliyochaguliwa

Shangazi alitaka kiazi chekundu, kwa sababu cha utotoni Mombasa alichokikumbuka kwenye pilau kilikuwa chekundu. Rangi ya ngozi haikuambii chochote kuhusu sufuria, lakini ni mahali pa kuanzia kama pengine popote.

Dutch Robijn ni chekundu, na ni cha zamani nchini. Kilitoka Uholanzi na bado wakulima wa Bomet hukilima kwa ajili ya viwanda vya krispi, kwa kuwa kina ukavu ndani na hukaangika vizuri. Lakini bakajani, ile blaiti ya ukungu na mvua, hukimaliza. Limuru ya Juni ni nyumba ya bakajani. Angelazimika kupiga dawa kila wiki au siku kumi, na kifua chake hakitaki habari ya pampu ya mgongoni, tena hatua tano kutoka dirisha la jikoni. Nikakikata.

Asante ilitoka pamoja na aina iitwayo Tigoni mwaka 1998, kutoka kituo cha utafiti kilicho hapohapo Limuru, ambacho leo kiko chini ya KALRO, taasisi ya Kenya ya utafiti wa kilimo na mifugo. Ni aina nzuri. Tuliyoipata karibu haikuwa na lebo ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, na baada ya ile glasi sikuwa tayari kununua mbegu kwa kuiangalia uso. Ikaishia hapo.

Sherekea nayo ni nyekundu, iliidhinishwa 2010 pamoja na Kenya Mpya. Inastahimili bakajani kuliko Shangi kwa mbali sana, na hulala muda mrefu. Ubaya wake unajulikana: inachukua kama miezi minne shambani, na dalali wa soko huitazama kama mgeni. Dalali hakuwa mgeni wetu.

Ilibaki sufuria. Shangazi hakutaka kusikia ripoti yangu, alitaka kuona. Nikamletea Sherekea kilo mbili za kula kutoka kwa mkulima ninayemfahamu, tukazipima pamoja na Shangi kwa njia ya zamani: kikombe kimoja cha chumvi, vikombe kumi na kimoja vya maji, koroga, tumbukiza. Kiazi kikavu chenye unga mwingi huzama, chenye maji zaidi huelea. Shangi zilizama karibu zote. Sherekea ziligawanyika, nyingine chini, nyingine zinazubaa katikati. Halafu akachemsha za kila aina kwenye sufuria yake. Shangi ziliiva kwanza, na moja ikapasuka kabla hajageuka. Kwa katlesi, akasema, hiyo ndiyo, haihitaji hata kupondwa. Kwa viazi karai hapana, kwa sababu kiazi karai lazima kitoke majini kizima ndipo kivishwe unga wa rangi na kuingia karai. Sherekea zilichelewa, lakini zilitoka zimesimama. Akakata moja, akaitia chumvi na ukwaju, akatafuna taratibu.

"Hiki kitakaa kwenye pilau," akasema. Uamuzi ulifanyika hapo. Hoja zangu zote za usingizi na bakajani zilifuata nyuma kama mashahidi waliochelewa.

Kalenda

Kuchagua aina ni nusu ya kazi. Kuiweka kwenye msimu wake ni nusu nyingine, na hapa wengi hukosea hata wakiwa wamechagua vizuri.

Ukipanda Sherekea katikati ya Oktoba, miezi minne inakufikisha Februari, na mvua za vuli zimeshakata zamani. Utabeba maji kwa ndoo Januari nzima. Ukiipanda katikati ya Machi, mvua ndefu zinaibeba, ukungu wa Juni unaikuta ina kinga yake, unachimba mwisho wa Julai kwenye baridi, na baridi hiyohiyo inaurefusha usingizi. Shangi ni kinyume chake. Oktoba ndiyo yake: inakimbia na mvua fupi, inatoka Januari, inaliwa mbichimbichi. Ila ina ukaidi mmoja, kwamba mbegu yake haiwezi kukaa. Shangi ya Januari haitakusubiri mpaka Oktoba inayofuata, itakuwa imejimaliza. Lazima ipandwe kila msimu au inunuliwe upya.

Kwa hiyo matuta yote kumi ya mbele yakapewa Sherekea kwa Machi, na Shangi ikahamishiwa kwenye magunia kumi na mawili yaliyojazwa udongo wa msituni na samadi iliyooza, yamepangwa kando ya ukuta, mbegu tatu kila gunia, kila msimu. Aina fupi huvumilia gunia. Sherekea kwenye gunia ingekaa mpaka gunia lenyewe lioze.

Mbegu safi ya Sherekea ilikuja kwa mfuko wa kilo 50, na hakuna aliyekubali kuufungua auze nusu. Jirani wa juu, yule wa lori, alikubali kugawana, kwa shingo upande. "Waru nyekundu nitamuuzia nani?" akauliza, waru kwake ni viazi. Alichukua kilo 25 akazipanda pembeni. Zilizozidi kwetu, kama kilo nane, nilizitandaza kwenye kreti dirishani nizitumie kuziba mapengo, na ilikuwa busara: mashimo zaidi ya ishirini hayakuota. Mtu aliyeajiriwa kupanda alikuwa ameiweka mbolea ya DAP ikagusana na mbegu, ikaziunguza. Nilikuwapo siku ile, nikiwa ninakunywa chai kwenye kona ya mzee.

Mei, maua yalipofunguka, tulipita matutani na vijiti. Shina lenye afya, lililojaa, lisilo na jani lililokunjamana wala lenye madoa, linawekewa kijiti. Baada ya wiki mbili tukarudi, na lile lililobadilika likanyang'anywa kijiti chake. Shangazi alikuwa mkali kuliko mimi. Tulianza na vijiti sitini tukabaki na arobaini na tatu. Mashina hayo yalichimbwa peke yake, na yale tu yaliyokuwa na viazi vingi vya ukubwa wa kawaida ndiyo yaliyotoa mbegu.

Julai, kisha Novemba

Magunia matatu ya kula, na kreti mbili za mbegu. Ni pungufu ya Shangi ya mwaka uliotangulia, na mzee hakukosa kulitaja, huku akiutazama uwanja wake wa zamani. Shangi za ukutani zilipigwa na bakajani mwezi wa Juni. Nilichelewa kuiona, na magunia manne kati ya kumi na mawili yalitoa viazi vya kuchezea bao.

Stoo tuliigawa mara mbili. Vya kula vilikaa gizani, vimefunikwa. Vya mbegu vilikaa kwenye mwanga usio na jua la moja kwa moja, tabaka mbili tu kwenda juu, mahali vinapogeuka kijani na kutoa chipukizi fupi nene badala ya ndevu. Watu wengi hukifanya kinyume: mbegu kwenye gunia, na viazi vya kula kwenye kikapu kizuri dirishani.

Septemba sikupata simu. Oktoba nikapiga mwenyewe, vimelala. Wiki ya tatu ya Novemba ndipo aliponiambia kwamba vichache vimeanza kufungua jicho, "kama mtoto anayejifanya amelala", na kwamba limebaki debe moja na nusu. Ijumaa ile jirani wa juu alikuja kuchukua sahani yake ya viazi karai, akavikuta vyekundu vikimenywa, akauliza kama bado ana waru za Julai. Zake alikuwa ameziuza zote, na hakutaka kusema kwa bei gani.

Mwaka huu uwanja wa mbele una maharagwe na vitunguu, kwa sababu sikukubali viazi virudi palepale. Sherekea imepandwa kwa jirani, matuta sita, kwa mgao. Shangazi sasa anataka Dutch Robijn awakaangie wajukuu krispi. Nimempa magunia mawili ukutani, yale ya mwisho kabisa, karibu na bomba, na nimemwambia asiniite Juni.